Herufi ya Tatu kwenye Mashine ya Mayai

Wifi yangu ndiye aliyeandika programu ya mashine yetu ya kutotoa mayai, na kwa muda mrefu niliamini kwamba aliiandika vile makusudi, ili mimi nisiielewe.

Tunakaa juu kidogo ya soko la Nyakoe. Mume wangu ni fundi wa friji, na mashine aliitengeneza mwenyewe kutokana na friji kuukuu iliyoachwa na mteja. Ndani alitia balbu za kuleta joto, feni ndogo, chombo cha maji, na mota ya kuinamisha trei za mayai upande huu na upande ule, kama kuku anavyoyageuza mayai yake kwa mdomo. Vyote hivyo viliamrishwa na bodi ya kompyuta isiyozidi kiberiti kwa ukubwa. Na maneno yaliyokuwa ndani ya bodi hiyo ndiyo aliyoyaandika wifi, dada mdogo wa mume wangu, kwa lugha ya Python. Alikuwa amepanga chumba Kisii mjini. Mchana alifanya kazi katika saiba, duka la intaneti, jioni alisoma kompyuta chuoni.

Mama mkwe wangu alipoelezwa kwamba jina la lugha hiyo ni la nyoka, aliweka chini sinia ya wimbi aliyokuwa akichagua.

"Mnaweka chatu kwenye nyumba ya mayai," alisema kwa Ekegusii, "halafu mnangoja vifaranga?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Mimi nilipenda hesabu nilipokuwa shuleni, na sikufurahia kukaa kutwa na mashine nisiyojua imeambiwa nini. Nilimwomba wifi anifundishe, akakubali, na kila Jumapili alipokuja nyumbani tulikaa mezani na laptopu ya zamani ya mume wangu. Alikuwa mwalimu mzuri asiye na subira. Alisema kwamba katika programu unaandika kazi mara moja, unaipa jina, kisha unaiita kila unapoihitaji.

"Ni kama kumtuma mtu," aliniambia. "Unamwambia kazi yenyewe, halafu unamtia mkononi vitu vya kuifanyia. Hivyo vya mkononi ndivyo agumenti."

"Hiyo si kugombana?"

"Kwa Kiingereza cha watu ni kugombana. Kwa kompyuta ni vitu vya mkononi."

Kisha akanionyesha kazi kubwa ya mashine yetu, ile iliyotunza mayai. Ilianza hivi: def tunza(a,b,c=1).

"a ni nini?"

"Joto."

"Na b?"

"Unyevu."

"Na c?"

"Hiyo ni ya mota. Ukiipa moja, mota inageuza mayai. Ukiipa sufuri, inatulia. Usipoipa kitu, inajichukulia moja yenyewe. Si unaona imeandikwa hapo?"

Niliona. Lakini niliona pia kwamba ningesoma mstari huo peke yangu hadi jioni bila kujua kama unahusu mayai au matofali. Mistari yake yote ilikuwa hivyo. Herufi mojamoja, alama zimebanana bila nafasi, mstari mmoja mrefu mpaka unatoka nje ya kioo, na hakuna hata neno moja la maelezo pembeni.

"Kwa nini usiandike joto, na hapa unyevu?"

"Wifi, kompyuta haijali."

Kompyuta haikujali, ila mimi nilijali. Nimezaliwa upande wa Nyamira, na kwa baba yangu chupa ya dawa ya ng'ombe iliyobanduka karatasi ya jina haikutumiwa tena. Ilizikwa nyuma ya choo. Baba alisema mtu anayekupa kitu kisicho na jina, ama hakijui, ama hataki ukijue. Nilimtazama wifi akifunga laptopu na nikajiuliza yeye yuko upande gani.

Mayai ya kwanza yalitoka vizuri. Yalikuwa yetu na ya Mama, yaani mama mkwe. Niliyatazama yakipasuka moja baada ya jingine nyuma ya kioo kidogo cha mlango, na nikajifunza jambo ambalo kuku hulijua bila kufundishwa. Muda mwingi mayai lazima yageuzwe, la sivyo kifaranga hugandamana na ganda. Siku tatu za mwisho lazima yaachwe kabisa, kwa sababu kifaranga anajipanga kutoka. Anatafuta kile chumba cha hewa kilicho upande mnene wa yai, anatia mdomo humo, anavuta pumzi yake ya kwanza, ndipo anaanza kugonga. Ukiendelea kumgeuza wakati huo, unampotezea njia. Ndiyo sababu siku za mwisho programu yetu ilisema tunza(37.5,65,0). Sufuri hiyo ndiyo iliyoinyamazisha mota.

Habari zilienea, watu wakaanza kuuliza kama tunaweza kuwatotolea mayai yao. Wakati huohuo wifi akaanza kubadilika. Simu ikilia alitoka nje, akaenda kusimama kwenye migomba. Jumapili nyingine hakuja. Jirani yetu mmoja auzaye ndizi aliniambia kwamba alimwona Nyamira mjini, akiingia mahali penye mashine kubwa za vifaranga, amekumbatia laptopu kifuani kama mtoto mchanga.

"Labda ni mwingine," nilisema.

"Simjui wifi yako?" jirani akajibu. "Alivaa ile sweta ya kijani."

Kuanzia hapo kila alichokifanya nilikitazama mara mbili.

Ijumaa moja alasiri nilikuwa bondeni nikichuma chinsaga, mboga zetu za kienyeji. Sisi ni Waadventista, na Ijumaa nyumbani kwetu ni mbio. Lazima chakula kipikwe, maji yatekwe, watoto waogeshwe, nyumba ifagiliwe, na jua likizama kazi zote ziwe zimewekwa chini. Nilipopanda na kapu langu nilimkuta wifi, ambaye hakuwa amesema anakuja, akitoka kwenye chumba cha mashine akizungusha waya mkononi haraka haraka.

"Umefanya nini humo?"

"Nimerekebisha kidogo."

"Kidogo gani?"

"Tutaongea, wifi. Sabato inaingia."

Siku ya pili ilikuwa kanisa, na siku hiyo kwetu mambo ya kazi hayatajwi. Jumapili asubuhi nilipoamka nimwulize, alikuwa ameshaondoka.

Jumapili hiyohiyo akaja mteja wetu wa kwanza wa nje, mama mmoja shemasi wa kanisa la upande wa Suneka. Alibeba mayai kwenye kikapu kilichojaa maranda, na kila yai alikuwa amelichora msalaba mdogo kwa mkaa.

"Si kwamba siwaamini," alisema, akinitazama usoni. "Ni kwamba mayai hufanana."

Tuliyapanga kwenye trei. Nilitazama joto na unyevu kila siku. Namba zilikuwa sawasawa. Sikuwa na sababu ya kushuku kitu chochote ndani ya mashine. Shaka yangu yote ilikuwa mjini Kisii, kwenye sweta ya kijani.

Siku ya kutoka ilifika, na kwenye kioo kukawa kimya. Jioni wakatoka vifaranga watatu, wamelegea, mmoja mguu umepinda. Tulingoja siku nyingine nzima. Hakuna yai jingine lililopasuka.

"Umeme," alisema mume wangu. "Ulipungua nguvu tukiwa tumelala."

"Umeme gani?" Mama akasema. "Kosa ni la majogoo wa Suneka. Mayai hayakuwa na kitu ndani tangu mwanzo."

Shemasi alipokuja na kikapu chake kitupu, nilimwonyesha wale watatu. Aliwaangalia, akaangalia mashine, akaniangalia mimi.

"Wengine wako wapi?"

"Hawakutoka, mama."

"Hawakutoka," alirudia taratibu, "au waliondoka?"

Nilielewa alichomaanisha, kwamba tumemwibia, na nikakasirika. Lakini nilielewa pia kwamba mimi ningekuwa yeye, ningeuliza vilevile. Nilitoa ungo, nikayapanga mayai yake yote yenye misalaba, na nikaanza kuyapasua mbele yake, moja moja. Mama alisogea kuona mayai matupu aliyoyatabiri. Hayakuwa matupu. Ndani ya kila ganda kulikuwa na kifaranga mzima, ana manyoya, ana kucha, amekufa. Wengi wao kichwa kilikuwa upande mwembamba wa yai, mbali na hewa.

Shemasi alimshika mmoja kwenye kiganja.

"Hawa walikuwa wamefika mlangoni," alisema.

Hakutulaumu tena. Nilimpa kuku wetu aliyekuwa na vifaranga vyake, akamchukua pamoja nao wote, akaenda bila kusema kama atarudi. Mama alibaki akitazama ungo. "Jogoo dhaifu huzaa vifaranga dhaifu," alisema hatimaye, akaingia ndani.

Mimi nilibaki na neno la shemasi. Kama walifika mlangoni, basi siku zote za mwanzo mashine ilifanya kazi yake. Kilichowaua kiliwapata siku za mwisho, na siku za mwisho kitu kimoja tu hubadilika mbali na unyevu. Ni mota. Nilijaribu kukumbuka kama niliisikia ikilia siku hizo, nikashindwa. Chumba kile kiko mbali na jikoni.

Nilichukua laptopu, nikaiunganisha na bodi, nikafungua programu. Kulikuwa na faili mbili. Moja ilieleza kazi, nyingine iliziita kazi hizo siku kwa siku. Nilisoma ile ya pili, kidole changu kikifuata kila alama. Pale palipokuwa tunza(37.5,65,0) sasa paliandikwa tunza(37.5,65). Sufuri haikuwepo. Nikafungua faili ya kwanza. Bado ilisema c=1. Usipoipa kitu, inajichukulia moja yenyewe. Kwa hiyo siku zile tatu mota iligeuza mayai kama siku nyingine zote.

Ningeweza kudhani sufuri ilifutika kwa bahati mbaya. Lakini mstari wa juu yake, wa zile siku za mwanzo, ulikuwa umeongezwa mwishoni namba moja ambayo zamani haikuwepo. Kwenye laptopu bado tulikuwa na nakala ya zamani, nikaziweka sambamba na kulinganisha. Mtu alikuja, akaongeza hapa, akaondoa pale. Aliyefanya hivyo alijua anachofanya, na mkono pekee uliowahi kuiandika programu ile ulikuwa wa wifi.

Nilimpigia simu, hakupokea. Nikapiga tena kesho yake. "Nimeshikwa na kazi, wifi, nitakupigia," alisema, na hakupiga. Kwa mume wangu sikusema neno. Mke anayemshtaki dada wa mume wake anapaswa kuja na kitu kinachoonekana, si herufi. Ningemwambia nini? Kwamba dada yake ameondoa sufuri?

Wiki iliyofuata nikaaga kwamba naenda kumsalimia mama yangu mzazi. Nilikwenda kumsalimia kweli, nikampelekea sukari, tukanywa chai. Lakini kabla ya hapo nilishuka Nyamira mjini, nikauliza mahali pa mashine za vifaranga, nikaelekezwa nyuma ya maduka yaliyo karibu na ofisi za kaunti.

Mwenye mahali alikuwa mama wa makamo, amevaa gambuti na aproni, mchangamfu. Nilimwambia nina mayai nataka kutotolewa. Halikuwa jambo la uongo kabisa. Mayai nilikuwa nayo. Akanitembeza. Mashine zake zilikuwa kubwa kama kabati, na kwenye meza kulikuwa na kompyuta iliyowaka.

"Mimi sikusoma kompyuta," aliniambia kwa fahari, "lakini hii naisoma. Njoo uone. Niliyemwajiri kuiandika aliniandikia kwa Kiswahili."

Nikainama. Kioo kilikuwa na nafasi, kimepumua, kila mstari mfupi. Na pale katikati:

tunza(joto=37.5, unyevu=65, geuza=HAPANA)

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Sikuhitaji kumwuliza mtu maana yake. Mtoto wa darasa la tano angeisoma. Juu ya kazi yenyewe palikuwa na maelezo ya mistari miwili, yanayosema inafanya nini na inahitaji kupewa nini. Sisi ndugu zake alituandikia a, b na c. Mgeni akaandikiwa majina.

"Ni nani huyu aliyekuandikia vizuri hivi?" niliuliza.

"Msichana mmoja wa upande wa Nyakoe. Mimi nilimwambia asijisumbue na maneno mengi, mradi mashine iende. Akakataa kabisa. Alisema ile ya kwanza aliyoandika hakuweka majina, na iliua vifaranga vya watu."

"Alisema hivyo?"

"Alilia, mama. Hapo hapo uliposimama."

Sikumbuki nilivyoaga. Ninachokumbuka ni hasira iliyogeuka njiani, ikawa kitu kingine kibaya zaidi. Kumbe alijua. Alijua ni nini kilichowaua, akamwambia mtu wa mbali, na sisi tuliopasua mayai mbele ya mteja tukaachwa tubishane juu ya umeme na majogoo.

Jumapili iliyofuata alikuja. Alinikuta jikoni nikimenya ndizi za kupika, Mama ameketi mlangoni akiota jua. Wifi alisalimia, akavuta kigoda, akachukua kisu cha pili. Akaanza kumenya.

"Nilikwenda Nyamira," nilisema.

Kisu chake kilisimama. Aliangalia mlangoni, alikokuwa Mama, kisha akaniangalia mimi. "Twende kwenye majani ya chai," alisema.

Tulishuka hadi kwenye mstari wa chini wa chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na niliyasema. Nilimwambia kwamba ameiuza akili yake kwa mgeni na kutuachia sisi makapi. Nilimwambia aliondoa sufuri kwa mkono wake. Nilimwambia nimeona majina aliyoyaandika kule.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Sijamaliza. Lakini sema."

"Ya nyumbani niliandika kwanza, wifi. Nilikuwa sijui kitu. Nilijua tu kwamba inafanya kazi. Unafikiri nilikuficha? Mimi mwenyewe baada ya miezi miwili niliifungua nikashindwa kujua c ni nini. Nilikaa chuoni nikiitazama kama maandishi ya mtu mwingine."

"Na sufuri?"

Alichuma jani, akalikunjakunja. "Chuoni mwalimu alituambia kwamba ukiacha kitu kijichukulie thamani chenyewe, kipe ile isiyo na madhara. Nikafikiria mota yetu. Programu ikiharibika, ni afadhali mota itulie kuliko ijizungushe mpaka iungue. Kwa hiyo nikaigeuza. Kwenye faili ya kazi nikaandika c=0. Kwenye faili ya pili, pale mota inapotakiwa kugeuza, nikaongeza moja, na pale inapotulia nikaondoa sufuri, kwa sababu haikuhitajika tena. Zilikuwa sawa, wifi. Zote mbili pamoja zilikuwa sawa."

"Lakini kwenye bodi c bado ni moja. Nimeiona kwa macho yangu."

"Kwa sababu niliingiza faili moja tu." Sasa sauti yake ilishuka hadi nikalazimika kusogea. "Ijumaa ile nilikuwa nimeingiza ya pili, naanza kuingiza ya kwanza, Mama akasimama mlangoni. Akasema jua linazama, nifunge hicho kitu. Nikamwambia dakika moja tu. Akasema Sabato haingoji dakika. Nikachomoa waya. Nilijua nitamalizia Jumapili. Jumapili yule mama wa Nyamira akapiga simu alfajiri akitaka nifike kabla hajafungua, na nilikuwa nimeitafuta kazi hiyo kwa muda mrefu. Nikaenda. Ikanitoka kichwani mpaka niliposikia vifaranga wamekufa."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nisimame mbele ya kaka yangu na mbele yako niseme ni Mama? Niseme ni Sabato?"

Nilisimama kwenye chai nikimtazama, na nakiri kwamba hata hapo sehemu yangu moja ilikuwa inapima maneno yake. Ijumaa, waya, haraka haraka, hayo niliyaona. Simu ya alfajiri sikuisikia, lakini asubuhi ile hakuwepo. Yote yaliingiana. Yaliingiana vizuri mno, nikawaza, na papo hapo nikajionea aibu kwa kuwaza hivyo.

"Usimwambie Mama," alisema.

"Sitamwambia."

Alasiri hiyo tuliiandika programu upya, yeye na mimi, mezani. Safari hii nilitaka niguse mwenyewe. Aliketi pembeni akiniambia, mimi nikiandika kwa vidole viwili. Tulibishana karibu kwa kila kitu. Yeye alitaka majina ya Kiingereza kama walivyofundishwa, mimi nikataka Ekegusii, kwa sababu ndiyo lugha tunayoongea na mayai hayo. Tukaishia kwenye Kiswahili, kwa kuwa siku moja fundi anaweza kutoka mbali. Tuliacha nafasi baada ya kila koma. Mistari mirefu tuliikata. Juu ya kazi tuliandika maelezo, na mimi nikaongeza kwa nini siku za mwisho mayai hayaguswi, ingawa alisema maelezo hayo ni marefu.

Tulipofika kwenye agumenti nilimwambia sitaki tena kitu kijichukulie thamani chenyewe. Kila kitu kitajwe kwa jina, kila mara.

"Ukiandika majina, sawa," alisema. "Lakini mtu mwingine anaweza kuita tunza na namba tupu, akachanganya joto na unyevu. Mashine itajaribu kupika mayai."

"Haiwezi kumkataza?"

Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Inaweza. Weka nyota."

Akanionyesha. Ukiweka alama ya nyota mwanzoni, kabla ya majina, def tunza(*, joto, unyevu, geuza), kazi hiyo haipokei kitu kisichotajwa jina. Nilijaribu kuiita kwa namba tupu. Ikakataa, ikaniandikia mistari myekundu ya kulalamika. Nikajaribu kuacha geuza. Ikakataa tena, na ikaniambia ni nini kinachokosekana. Nilifurahi kama mtu aliyepata mlinzi asiyekula rushwa. Nilirudia kuikosea mara kadhaa kwa ajili ya kuona tu inavyonikatalia.

"Na faili?" nikauliza. "Mbili za nini?"

"Mwalimu anasema ni vizuri kutenganisha."

"Mwalimu wako ana Mama mlangoni?"

Hapo tulicheka wote wawili, kwa kuficha midomo, kwa sababu Mama alikuwa chumba cha pili. Tukaziweka katika faili moja.

Shemasi alirudi. Haikuwa mara moja, lakini alirudi, tena na kikapu kilekile na misalaba ileile ya mkaa, na siku ya kutoka alikuja na kiti chake akaketi mbele ya kioo tangu asubuhi. Vifaranga walitoka. Si wote, maana hawatoki wote hata chini ya kuku, lakini walitoka wengi, wakikanyagana. Aliwahesabu akiwaweka kikapuni, akahesabu na maganda, akaridhika. "Sasa mmefanya nini tofauti?" aliniuliza.

"Tumeandika majina."

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha, kisha akaamua kunywa uji aliopewa.

Wifi hakukaa. Kuhusu jambo hilo nilikuwa nimeshuku sawasawa. Yule mama wa Nyamira alimwajiri kabisa, naye wifi akaacha saiba, akahamia huko. Mume wangu alihuzunika, Mama akamwombea, na mimi nikabaki na programu. Siku hizi kukiwa na cha kubadilisha nabadilisha mwenyewe. Yeye huja kutusalimia mara kwa mara, huleta mkate, hucheka na watoto, na huingia chumba cha mashine kuangalia kama zamani. Akishaondoka nafungua laptopu, nasoma programu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Sijawahi kukuta kitu kilichoguswa. Hata hivyo nasoma.

Mama bado anasema kosa lilikuwa la majogoo wa Suneka. Wageni wakija anawasimulia, jinsi alivyojua tangu mwanzo, na mimi nakaa pale na kikombe changu nasikiliza. Mwezi uliopita nilikuwa nikiingiza mabadiliko siku ya Alhamisi, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Mbona siku hizi kazi hiyo unaifanya Alhamisi tu?" aliuliza. "Zamani binti yangu aliifanya Ijumaa."

"Ijumaa nina kazi nyingi, Mama."

Alisimama pale akinitazama mikono, na alikuwa bado anatazama nilipomaliza na kuchomoa waya.